Ulingo Uliopanda Nguzo

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Berit Tollefson alikuwa ameshawanywesha ndama maziwa, ameshaosha ndoo, na ameshagombana na jogoo. Ni binti wa kaka yangu Nels, na tunakaa shamba moja. Ana miaka kumi na mitatu, mikono ina nguvu, na mdomo nao haujambo. Huo mdomo aliurithi kwangu, sikatai.

Huku kwetu kwenye vilima vya Wisconsin, ikifika Septemba watu hawaulizani tena habari za nyumbani. Wanaulizana habari za kulungu. Kulungu wameonekana wapi, wanapita njia gani, nani amenoa mishale. Mwaka huo Berit alikuwa na jambo moja tu kichwani: kuwinda kwa upinde akiwa juu ya mti, kwenye ulingo wake mwenyewe.

"Sikatai," baba yake alimwambia mezani. "Ila Jumamosi, siku moja kabla msimu haujafunguliwa, nitakuja msituni nikuone ukipanda na kushuka. Uwe umejifunga tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi. Nikiridhika, utawinda kutoka juu, mimi na shangazi yako tukiwa karibu. Nisiporidhika, utakaa na mimi kwenye hema la kujifichia, chini, hadi mwakani."

"Mwaka mzima, baba?"

"Mwaka mzima."

Nels hakuwa anatania. Zamani alianguka kutoka mtini akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo anachechemea na anawinda akiwa chini. Mtoto wake wa pekee kwenda juu ya mti lilikuwa jambo la kumnyima usingizi, nami dada yake nililiona waziwazi usoni mwake.

Sasa, msitu tunamowinda ni wa umma. Hairuhusiwi kuacha ulingo mtini ukaenda zako kulala. Unachokipandisha asubuhi unakishusha jioni na kukibeba mgongoni, kupanda kilima na kushuka kilima. Kwa hiyo kuchagua ulingo si mchezo. Ukiwa mzito, utakutoa roho njiani. Ukiwa mwepesi wa ovyo, utakutoa roho mtini.

Siku ya kubadilishana vifaa ilifanyika kwenye kituo cha zimamoto, kama kila mwaka. Watu walipanga mezani pinde za zamani, mabuti, kamba, na kina mama wa kanisani walikuwa pembeni wakiuza soseji. Uani kuna nguzo ya mbao iliyosimikwa hapo ili watu wajaribie ulingo wao. Nguzo yenyewe ni laini, imenyooka, haina tawi hata moja.

Berit akaziona aina mbili. Ya kwanza ni ulingo unaojipandisha: vipande viwili vya chuma vyenye meno vinavyoukumbatia mti, kimoja cha kukalia na kingine cha kusimamia. Unaketi, unakivuta cha chini kwa miguu. Unasimama, unakiinua cha juu kwa mikono. Unapanda hivyo hivyo hadi juu. Ya pili ni kijukwaa kidogo kinachofungwa mtini kwa mkanda, pamoja na ngazi fupi fupi ambazo unazifunga moja juu ya nyingine kila unapopanda.

"Hicho kijukwaa kinafanana na kigoda cha kukamulia ng'ombe," alisema Corbin, kijana wa jirani yetu anayesoma na Berit darasa moja. "Utafunga mikanda mpaka kulungu wazeeke."

Berit akavaa mkanda wa usalama, akajifunga kwenye nguzo, akaupanda ule ulingo unaojipandisha. Jamani, alipaa! Watu wakaacha soseji zao wakapiga makofi. Aliposhuka, uso wote ulikuwa unacheka.

Mwenye ulingo alikuwa mzee Odegaard, anayefundisha vijana kila mwaka namna ya kuwinda kwa usalama. "Unawinda wapi, binti?" akamuuliza.

"Msituni, babu. Kule kwenye kilima cha kijito."

"Kule kuna miti gani?"

"Si miti tu, babu? Mti ni mti."

Mzee akanitazama mimi. Nilitaka kusema neno, lakini Nels alikuwa amenionya: mwache achague mwenyewe. Nikaumeza ulimi wangu, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kubeba gunia.

"Haya," mzee akasema. "Ukikwama, rudi tubadilishane. Sitakukasirikia."

"Sitakwama," Berit akajibu, akatoa akiba yake yote aliyoipata kwa kuchuma tufaha.

Jumatano baada ya shule aliniambia anakwenda kwa Corbin kufanya hesabu. Hesabu gani! Walikwenda msituni wao wawili, ulingo mgongoni. Niliyajua haya baadaye, lakini nitayasimulia hapa mahali pake ili msipotee.

Kwanza, ulingo ulipiga kelele njia nzima, chuma kikigonga chuma, mpaka ndege wakahama. Pili, walipofika kwenye njia ya kulungu, hakukuwa na mti unaofanana na nguzo. Mialoni yote ilikuwa na matawi tangu chini, na ulingo ule hauwezi kuvuka tawi. Miti pekee iliyonyooka ilikuwa imekufa, imeliwa na wadudu, gome likianguka kwa kuguswa tu.

"Panda huu," Corbin akasema. "Umenyooka kama nguzo yako."

"Mti uliokufa? Panda wewe, mimi nitakuletea maua."

Wakapata mhikori. Huo ni mti wenye gome linaloning'inia vipande vipande, kama rangi iliyobanduka ukutani. Berit alijua kwamba inambidi ajifunge kwanza. Mkanda alikuwa ameuvaa. Lakini kamba ya kuuzungushia mti ilikuwa imenasa kwenye begi, Corbin alikuwa anamharakisha, na jua linashuka. Akajiambia kwamba hapa chini bado si juu. Akapanda hatua mbili, tatu. Gome likabanduka chini ya meno ya ulingo, chuma kikateleza, naye akashuka na gome lake akiukumbatia mti hadi chini. Goti likachubuka, na mkono ukachubuka.

"Uko mzima?" Corbin akauliza.

"Mzima."

"Tusimwambie baba yako. Akijua, umekwisha."

Jioni nilikula kwao. Nels akauona mkono. "Umefanyaje hapo?"

"Nimeanguka na baiskeli, baba."

"Pole. Kapake dawa." Akaendelea kula viazi vyake. Alimwamini, na hilo ndilo lililoniuma nilipogundua ukweli.

Niligundua haraka. Nilikwenda ghalani kufunga kuku, nikauona ulingo umeegemezwa ukutani na vipande vya gome la mhikori vimebana kwenye meno yake. Nikamwita.

"Berit, baiskeli yako siku hizi inaota magome?"

Akayatazama yale magome. Kisha machozi yakatoka, akanieleza yote, mpaka habari ya kamba. "Shangazi, nakuomba, usimwambie. Ataninyima msimu mzima. Nimengoja tangu nikiwa mdogo!"

"Mimi sitasema."

Akapumua.

"Utasema wewe. Leo, kabla hajalala."

"Shangazi!"

"Usinishangazi. Jumamosi baba yako atasimama chini ya mti akikutazama na kukuamini. Anaamini nini sasa? Baiskeli?"

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa pia naogopa, maana hatua mbili tatu zingekuwa kumi, tungekuwa tunazungumza hospitalini. Nikamshika mkono tukaenda hadi mlangoni, nikamwachia. Kuingia aliingia mwenyewe.

Nels alimsikiliza bila kumkatiza. Nilimwona kupitia dirishani akiweka kikombe mezani polepole. Mimi nilitegemea afoke, lakini hakufoka, akazidi kunitisha.

"Ulikwenda bila mtu mzima," akasema. "Hukujifunga. Halafu ukanidanganya."

"Ndiyo, baba."

"La kwanza na la pili ni utoto, tutayashughulikia. Hilo la tatu limeniumiza." Akakisogeza kikombe pembeni. "Jumamosi ipo palepale. Lakini sasa sitakuja kutazama ulingo tu."

Berit hakulala vizuri, lakini asubuhi aliamka na akili mpya. Alipotoka shule alinikuta jikoni. "Shangazi, nipeleke kwa babu Odegaard." Njiani alinihesabia yeye mwenyewe: matawi mengi, magome mabovu, kelele. "Nilichagua ulingo wa kuipanda nguzo," akasema. "Na kulungu hawapiti kwenye kituo cha zimamoto."

Nilicheka mpaka nikakosea njia.

Mzee alimpokea kama alivyoahidi. Safari hii Berit ndiye aliyeuliza maswali. Kijukwaa hiki kinakaa kwenye mti uliopinda? Kinakaa. Ngazi zinavuka tawi? Unafunga moja chini ya tawi na nyingine juu yake. Sauti? Chuma kimezungushiwa utepe wa kitambaa, kisigongane. Tena uzito wake, ukiwa na ngazi zote, ulikuwa chini ya ule wa kwanza. Mzee akamwongezea kamba ndefu yenye fundo linalosogea juu unapolisukuma na kubana unaponing'inia.

"Hii unaifunga lini?" akamuuliza.

"Kabla ya ngazi ya kwanza, nikiwa bado nimesimama ardhini."

"Na ikinasa kwenye begi?"

Berit akaona haya. Kumbe habari zimeshafika. Vilima vyetu havina siri. "Ikinasa, nainasua. Kulungu atangoja."

Ijumaa alifanya mazoezi kwenye mwaloni nyuma ya zizi, mimi nikiwa chini nimeshika kamba. Alipanda na kushuka hadi mama yake akamwita kwa chakula mara ya tatu akiwa na mwiko mkononi.

Jumamosi alasiri tulikwenda msituni, Berit mbele, Nels anachechemea nyuma yangu. Berit akakagua upepo kwa unga wa vumbi kiganjani. Akapita mti uliokufa, akapita mhikori, akasimama mbele ya mwaloni mmoja uliopinda kidogo. Akaupiga kwa kiganja, akatazama juu kama kuna matawi makavu. "Huu," akasema.

Akazungusha kamba, akajifunga, ndipo mguu ukaacha ardhi. Ngazi moja, akasimama, akasogeza fundo. Ngazi nyingine, akavuka tawi. Sikusikia chuma hata kidogo. Akafunga kijukwaa, akakikanyaga, akakaa, akauvuta upinde wake kwa uzi kutoka chini. Nilitaka kupiga vigelegele, ila msituni hatupigi.

Nels alikuwa ameshikilia shina la mti wa jirani muda wote huo. Sasa akaachia. Uso ukalegea. "Vizuri," akasema kwa sauti ya chini. "Vizuri sana. Shuka, binti. Umepita."

Berit hakushuka. Alikuwa ametazama chini ya miguu yake.

"Bado, baba."

"Bado nini?"

"Ngazi ya pili imecheza nilipoikanyaga. Kidogo tu. Sikuuvuta mkanda wake hadi mwisho."

Mimi sikuwa nimeona kitu. Nels naye hakuwa ameona kitu, na macho yake yalikuwa hayajabanduka kwa mtoto yule. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya kilima, na kufungua vyote na kuanza upya kungechukua mwanga wote uliobaki. Tena Berit alikuwa ameshaambiwa amepita. Alijua anachokitupa.

Akashusha upinde. Akashuka, amejifunga, hadi kwenye ngazi ya pili. Akaulegeza mkanda, akauvuta kwa uzito wake wote, akaitikisa ngazi. Haikusogea. Akaijaribu ya kwanza, akaijaribu ya tatu. Akapanda tena hadi juu, polepole vilevile, akakaa. Kisha akashuka na kuanza kuvikusanya vyote begini, kichwa chini, akingoja kuambiwa habari ya hema.

"Berit," baba yake akasema. "Njoo hapa."

Akaja.

"Mimi ningerudi nyumbani leo nimefurahi, nikakuacha upande kesho juu ya ngazi inayocheza. Nisingejua kamwe. Ulingo unaweza kuuchagua vizuri, na mkanda ukauvaa vizuri. Lakini mimi nikiwa chini sioni kinachocheza huko juu, wewe ndiye unayeona. Mtu anayeficha makosa yake madogo siwezi kumwacha apande, hata akiwa na vifaa vya mfalme. Mtu anayeyasema, hata kama yatamgharimu, huyo namwamini mtini." Akamtengenezea kamba ya begi begani. "Kesho utawinda kutoka juu. Na hesabu za kwa Corbin utazifanya zizini kwa mwezi mzima, kwa koleo."

"Sawa, baba!" Sijawahi kumwona mtoto akishangilia samadi namna ile.

Kesho yake, kulipoanza kupambazuka, tulisimama chini ya mwaloni ule watatu. Mimi nilikuwa napanda mti wa pili, hatua chache kutoka kwake. Berit akajifunga, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akamtazama baba yake. Nels alimgusa kofia, akachukua kiti chake cha kukunja, akaelekea kwenye hema lake akichechemea. Nilimfuata kwa macho mpaka alipofika, kwa sababu nilitaka kujua kama atageuka kumkagua mtoto. Hakugeuka nyuma hata mara moja.