Nilisema Sijui Lugha ya Mama Yangu

Wewe unayesoma hapa, naomba unisikilize kama vile tumekaa benchi moja tukisubiri kuitwa dirishani. Sina haraka, na sitakuficha kitu. Nimeshaficha vya kutosha...

Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Ni mhandisi wa maji, naishi Makole hapa Dodoma mjini. Ukinikuta kazini nimevaa kofia yangu ngumu na buti, utadhani maisha yamenikubali. Lakini yuko msichana mmoja aliyestahili kuvaa kofia kama hii kuliko mimi. Hajaivaa, na sababu ni mimi.

Jina langu ni Paskalina, mtoto wa Kisandawe kutoka wilaya ya Chemba. Kama hujawahi kutusikia tukiongea, nikueleze kidogo. Lugha yetu ina sauti za kugonga kwa ulimi ambazo Wagogo na Warangi, majirani zetu, hawana. Kwangu ni sauti alizotumia mama kuniita nije kula. Huko shuleni ziligeuka kichekesho.

Nilipofika sekondari ya bweni, wenzangu walinizunguka siku ya kwanza tu. "Hebu ongea tukusikie!" Nikaongea, mjinga mimi, nikidhani wamependa. Wakaanguka vitandani kwa kucheka. Mmoja akasema naongea kama mtu anayefukuza kuku. Mwingine akauliza, hawa wala mizizi nao wanasoma fizikia? Atajua nini huyu?

Nililia wiki nzima. Kisha nikajitafutia dawa yangu mwenyewe: nikaacha kabisa kuongea kwetu. Mtu akiuliza natoka wapi, najibu "Kondoa", mji wa Warangi, basi. Sikuwahi kutamka kwamba mimi ni Mrangi. Niliwaacha watu wamalizie wenyewe. Uongo wangu ulianza hivyo, kwa kunyamaza tu, na kunyamaza hakukunigharimu chochote... wakati ule.

Nilifaulu, nikaingia chuo hapa Dodoma kusomea uhandisi. Kijijini kwetu nilikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Eliza.

Eliza ni mtoto wa mjomba wangu, nimempita miaka miwili. Kila likizo nilimfundisha hesabu na fizikia nyuma ya zizi la mbuzi. Tulichora sakiti kwa kijiti kwenye vumbi, na mbuzi wakipita juu yake tunachora upya. Alikuwa mwepesi kuliko mimi! Ilikuwa nikimweleza mara moja, yeye ananieleza mara ya pili vizuri zaidi. Aliogopa kitu kimoja tu: kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu. Nikamwambia, "Nifuate, mdogo wangu. Utanikuta nakusubiri."

Tafadhali kumbuka maneno hayo.

Akanifuata. Siku aliyoripoti chuoni nilikuwa kantini na wenzangu wa mwaka wa pili, tunakula wali maharage. Nikasikia mtu ananisalimia kwa lugha yetu, kwa furaha, kwa sauti ya juu, kama tunavyosalimiana nyumbani. Meza nzima ikageuka. Kijana mmoja akabaki na kijiko hewani. "Lina, huyu anaongea na wewe?"

Nilisikia tena kile kicheko cha bwenini...

Nikasema kwa Kiswahili, "Samahani mdogo wangu, umenifananisha."

Eliza alinitazama. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilikwenda taratibu, kama maji yanavyonyonywa na mchanga. Akasema, "Samahani dada," akaenda kukaa peke yake karibu na mlango.

Jioni nilimtafuta. Nilimwambia tupendane lakini chuoni tusijuane, ni kwa faida yetu sote, watu watatucheka. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo dada, hapa nina nani?" Nilimpa madaftari yangu ya mwaka wa kwanza. Hebu fikiria, mtu anauliza ana nani, wewe unampa madaftari!

Tuliishi hivyo miezi mingi. Akiniona kwenye korido anainamisha macho ili asiniponze. Alinilinda, ndugu msomaji. Mdogo alimlinda mkubwa.

Likizo iliyofuata tukapangiwa fildi, mafunzo kwa vitendo. Niliisoma orodha mara mbili. Mimi na Eliza tulikuwa kampuni moja, kampuni ndogo ya kuchimba visima virefu. Na kazi yenyewe? Kijiji kimoja cha wilaya ya Chemba, jirani na kwetu kabisa!

Njia nzima nilikaa dirishani nikiomba nisikutane na mtu anayenifahamu. Injinia wetu alikuwa mtu mwenye bidii, lakini asiyependa kucheleweshwa. Tulipima ardhi siku mbili. Nikueleze kipimo chenyewe, maana ndicho kiini cha haya yote. Tunapitisha umeme kidogo ardhini na kusoma jinsi ardhi inavyoupinga. Ukipita kwa urahisi, huenda chini kuna maji. Lakini maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi zaidi! Udongo wa mfinyanzi nao hivyo hivyo. Kipimo hakiwezi kuonja. Ndiyo maana mhandisi mzuri huwauliza waliozaliwa pale.

Mahali palipotoa namba nzuri palikuwa tambarare mbali na nyumba. Mwenyekiti wa kijiji aliafiki, kisha akaenda kikaoni kwenye kata. Asubuhi ya siku ya tatu mtambo wa kuchimbia ulikuwa umeshasimikwa, injini inanguruma, tuko sisi na mafundi tu. Ndipo akatokea bibi kizee akiswaga mbuzi wake, anakuja mbio kwa kadiri ya miguu yake, ananyoosha fimbo, anapiga kelele.

Nilimtambua kutoka mbali. Alikuwa bibi Anyesi, dada wa bibi yetu: kwa Eliza ni bibi wa upande wa baba yake, kwangu ni wa upande wa mama. Mwanamke aliyenibeba mgongoni!

Injinia akamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Yaliyobaki aliyasema kwa lugha yetu. Na mimi nikayaelewa yote, neno kwa neno, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Alisema: hapa msichimbe. Zamani, mwaka wa njaa, wanaume walichimba hapa kwa majembe na maji yakatoka. Yalikuwa chumvi. Mbuzi walinusa wakakataa, kunde zilichemka kutwa zisiive. Wakafukia. Waliolichimba shimo lile wamekufa karibu wote, vijana hawajui. Nendeni kule chini ya mwamba, alisema, ndiko maji matamu yalikochelewa kukauka.

Eliza alitafsiri yote. Alitafsiri vizuri, hata akaongeza kuhusu kipimo na chumvi, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Injinia akauliza, "Nyumba ya huyu bibi iko wapi?" Eliza, ambaye hajui kudanganya, akaonyesha: kule, upande wa mwamba. "Na wewe ni nani yake?" Eliza akajibu, "Ni bibi yangu."

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Ahaa! Bibi anataka bomba mlangoni!" Mwingine akamjibu, "Na mjukuu injinia ameshamletea!"

Injinia hakucheka. Akanigeukia mimi. "Lina, wewe ni mtu wa Kondoa, umekulia jirani na hawa. Unasikia lugha yao? Ndivyo alivyosema?"

Kabla sijafungua mdomo bibi Anyesi akanisogelea. Akanishika shavu kwa kiganja chake kigumu, akaniita kwa jina langu la nyumbani, akaniuliza mbona nimekonda...

Eliza alikuwa ananitazama. Hakuomba kitu. Alisubiri tu, kama nilivyomwahidi kwamba mimi ndiye ningemsubiri.

Ningesema neno moja, "Ndivyo", kila kitu kingebadilika. Lakini nilifikiria kantini. Nilifikiria miaka yote ya "Kondoa". Nikarudi nyuma hatua moja, kiganja cha bibi kikabaki hewani.

"Hapana Injinia," nikasema. "Hiyo lugha siijui."

Mungu anisamehe!

Injinia akaamuru kazi iendelee. Mchana akachukua kitabu cha fildi cha Eliza, akaandika: anachanganya undugu na kazi, taarifa zake hazifai kuaminiwa. Akampandisha kwenye gari la maji lililokuwa linarudi mjini. Eliza alipita mbele yangu na begi lake. Alisema kwa lugha yetu, taratibu, ili nisikie mimi tu: "Sasa nimejua. Sina mtu."

Kesho yake maji yakatoka. Yaliruka juu, wanawake waliokuja na ndoo wakapiga vigelegele, watoto wakajimwagia. Kwa dakika chache nikajidanganya kwamba bibi alikosea. Kisha Injinia akakinga kiganja, akaonja, akatema. Akaonja tena, kama mtu asiyeuamini ulimi wake. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Kisima kile kilifungwa kwa kifuniko cha chuma, na wanawake wakarudi kufukua mchanga wa korongo kama zamani. Bibi Anyesi akiwemo.

Unadhani nilisema hapo? Sikusema! Nilinyamaza wiki mbili zaidi, nikiogopa alama zangu. Nilipopata ujasiri wa kwenda kwa Injinia na kwa mwalimu wetu, Eliza alikuwa ameshachukua godoro lake na kuondoka chuoni. "Kwa hiyo mlikuwa wawili mnaojua," Injinia alisema, "na mimi nikachimba." Hata hivyo ni mtu muungwana, aliandika barua kwa mkono wake kufuta aliyoyaandika. Chuo kikasema Eliza anaweza kurudi. Simu yake haikupatikana. Mjomba aliniambia hataki kusikia habari za chuo, wala zangu.

Miaka imepita. Mwaka huu nilimwona. Yuko kwenye steshenari moja hapa hapa mjini, anachapa ripoti za wanafunzi wa uhandisi. Wanafunzi wananiambia anawasahihishia mahesabu huku anachapa... Unaelewa maumivu yangu?

Niliingia mle ndani kukiwa na foleni. Nikamsalimia kwa lugha yetu, kwa sauti, mbele ya wote. Watu wakageuka. Safari hii sikujali.

Eliza aliinua macho. Akanitazama kwa upole kabisa, akajibu kwa Kiswahili:

"Karibu dada. Kopi au kuprinti?"

Nilitoka nikakaa kwenye kizingiti cha duka la jirani, nikalia na kofia yangu mapajani.

Bado nakwenda kila Jumamosi. Namsalimia kwa lugha yetu, ananijibu kwa Kiswahili. Fomu ya kurudi masomoni niliiacha mezani kwake wiki tatu zilizopita. Hajaijaza, lakini sijaikuta kwenye takataka.

Watu huniuliza kwa nini watoto wa makabila madogo, na wasichana wetu hasa, hawafiki kwenye uhandisi. Huzungumza juu ya maabara na vitabu, nao wana hoja. Lakini Eliza alikuwa na akili, alikuwa na vitabu vyangu, alikuwa na nafasi chuoni. Alikosa mtu mmoja wa kusema "huyu ni wa kwetu, na anasema kweli". Mtu huyo alikuwepo hatua tatu tu kutoka kwake.

Ndugu yangu, usipite njia niliyopita. Kesho, ukiwa darasani au kazini, mtu wa kwenu akikusalimia kwa lugha ya kwenu mbele ya watu, simama. Mwitikie kwa lugha hiyo hiyo, kwa sauti ya kusikika. Kisha vuta kiti, mkalishe karibu nawe.