Ukaguzi wa Kawaida

Mvua ilianza bila hodi, na umati wote wa makutano ya barabara nyuma ya benki ukatawanyika. Msichana aliyekuwa ametoka kazini kutafuta chakula cha mchana, na gauni lake jipya la kijani, alikimbilia mlango wa kwanza aliouona wazi. Haukuwa mlango wa duka. Ulikuwa mlango wa gari.

Ndani kulikuwa na kiti cha kuzunguka, kioo kirefu, beseni dogo lenye bomba, na kijana mwenye aproni nyeusi aliyeshika mashine ya kunyolea kama aliyekuwa akimngoja yeye.

"Karibu, dada. Kaa."

"Samahani, nimekimbia mvua tu."

"Mvua ikiniletea wateja wazuri hivi, mimi nani nilalamike?"

Alikaa. Alikuwa na haya tangu utotoni, tena nywele zake fupi hakupenda ziguswe na mtu asiyemjua. Lakini vidole vya yule kinyozi vilikuwa vyepesi, vikageuza kichwa chake taratibu kuelekea kwenye mwanga.

"Aliyekunyoa mara ya mwisho mligombana? Huku kisogoni amejenga ngazi."

Akacheka mpaka akajishangaa. Macho yake yakaangukia kibati cha watengenezaji kilichopigwa kando ya kioo.

"Hili gari limetengenezwa kwetu!" Alikuwa mpokea simu wa karakana iliyochukua magari matupu ya mizigo na kuyageuza kuwa maduka, zahanati na saluni.

"Kumbe nimeoa kwenu!" Kinyozi alipigapiga ukuta wa gari kama mtu anayemsifu mkewe mbele ya wageni. "Huyu ndiye mama wa nyumba. Basi wewe ni shemeji. Umekuja kukagua kama namtunza ndugu yenu?"

"Nimekuja kukagua. Na sijaridhika."

"Itabidi urudi basi."

Alirudi. Ukaguzi ukawa neno lao. Simu ya mezani ikilia karakana, naye akiitikia kwa sauti ile ya kazini iliyopigwa pasi, mara nyingine alisikia mtu akikohoa kwa heshima.

"Nina gari linahitaji ukaguzi."

"Lina tatizo gani, bwana?"

"Dereva hali, halali."

"Hilo si la gari."

"Ndiyo maana nimepiga kwako, Sauti."

Ndivyo alivyomwita, Sauti. Alisema aliipenda sauti yake kabla hajamaliza kumpenda mwenyewe. Dada mkubwa wa kinyozi, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, alimwita msichana "wifi" siku ya kwanza tu walipokutana, akaanza kuuliza kwao ni wapi ili apeleke posa.

Jumapili moja waliegesha nje ya mji, mlango wazi. Msichana aliweka kichwa kifuani pa kinyozi, akavuta pumzi. Chini ya harufu ya poda na dawa ya ndevu kulikuwa na kitu kingine.

"Mbona unanuka petroli?"

"Nanukia, mpenzi. Haya ni manukato ya wanaume wenye kazi."

"Badilisha duka."

Wakacheka, wakasahau. Baada ya muda aliizoea harufu ile, kisha akaipenda. Alipoisikia barabarani, kwa gari la mtu yeyote, moyo wake ulimruka.

Asubuhi moja msimamizi aliwakusanya wapokea simu wote. Alikuwa mtu wa suti nadhifu, asiyependa kupaza sauti.

"Magari yetu yenye tangi la maji yanarudishwa," alisema. "Chuma kilichoshikilia tangi kinasuguana na mpira wa petroli chini ya sakafu. Mpira unachubuka, petroli inavuja. Gari moja la mikate limeshateketea. Dalili ni harufu ndani ya gari."

Msichana alikumbuka ile harufu ya Jumapili. Akaliona akilini lile beseni dogo lenye bomba.

"Wamiliki wote wapigiwe leo. Lakini sikilizeni vizuri. Neno moto lisitoke mdomoni mwa mtu. Tukizua hofu, tutazika kampuni. Mtasema: ni ukaguzi wa kawaida, hakuna haraka. Nitakuwa nikiwasikiliza."

Hakungoja zamu yake ifike. Alipiga namba ya kinyozi kwanza kabisa. Msimamizi alikuwa nyuma yake, vifaa vya kusikilizia masikioni, kivuli chake kimeangukia meza.

"Halo, Sauti! Nina mtu kitini, nusu kichwa. Sema."

"Habari za asubuhi, bwana. Nakupigia kutoka karakana." Alikitazama kivuli. "Tunaomba ulete gari kwa ukaguzi."

Upande wa pili kicheko kikamwagika.

"Ukaguzi? Asubuhi yote hii? Umenikumbuka, eh?"

"Hapana. Namaanisha gari. Gari lenyewe."

"Ndiyo, gari lenyewe. Na dereva wake." Akashusha sauti. "Ngoja nimmalize huyu mzee, nibadilishe shati. Nakuja, mama."

Neno lilikuwa pale, limekaa kwenye ulimi wake. Herufi nne. Angeweza kulisema akafukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini kivuli kilikuwa hakijaondoka mezani, na yeye hakuwahi kumbishia mkubwa maishani mwake. Akajiambia kwamba akishafika mafundi watalifungua gari, mambo yataisha, jioni atamweleza yote na watacheka.

"Ni ukaguzi wa kawaida tu," alisema. "Hakuna haraka."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa, akasogea meza ya pili.

Alimngoja mpaka chakula cha mchana kikapoa. Aliyepiga alikuwa dada mkubwa. Hakusema wifi. Alisema tu jina la hospitali.

Foleni ilimshika kinyozi kwenye makutano yale yale nyuma ya benki. Injini ilipata joto, petroli ikadondoka, na gari likashika moto kwa chini. Alitoka salama, bila hata mkwaruzo. Kisha akarudi ndani kuchukua sanduku la mashine zake.

Wodini alikuwa amekaa kitako, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwikoni, imelazwa juu ya mto kama vitu vya mtu mwingine. Shati jeupe, au kilichobaki chake, lilikuwa kwenye mfuko chini ya kitanda. Dada mkubwa alisimama, akampisha kiti.

"Pole, mpenzi," msichana alisema.

"Nimepoa." Alijaribu kutabasamu. "Daktari anasema vidole vitapona, ila havitakunja. Mashine sitaishika tena."

Msichana alilia. Kinyozi alimwacha alie, kisha akauliza polepole, kama mtu anayepita na wembe karibu na sikio.

"Ulijua ni moto?"

Alitamani kudanganya. Hakuweza.

"Nilijua. Tulikatazwa kulitaja kwa wateja."

"Kwa wateja." Alilirudia neno hilo bila hasira, akalitazama kwa kila upande. "Mimi nilikuwa mteja?"

"Msimamizi alikuwa nyuma yangu. Nilidhani ukifika tu..."

"Ungesema moto ningeshuka vile vile, na yule mzee na nusu kichwa chake. Viatu nisingevaa." Alielekeza kidevu kwenye ule mfuko. "Lakini uliponiambia ukaguzi, nilibadilisha shati."

Msichana alisogeza kiti. Akainama karibu na kifua chake, mahali pake pa Jumapili. Alinuka dawa tu.

Dada mkubwa alimgusa bega. "Mwache apumzike, dada yangu," alisema kwa upole ule anaopewa mtu wa kupita.

Alisimama, akainyoosha sketi yake iliyokuwa imenyooka. Mlangoni aligeuka.

"Nije tena lini?"

Kinyozi alikuwa ameshaelekeza uso dirishani. Hakukuwa na kisasi katika sauti yake. Ilikuwa tulivu na ya adabu, kama sauti ya mtu anayefanya kazi yake.

"Hakuna haraka," alisema.