Chuma Kisichonuka Mafuta

Kwaru, kwaru, kwaru.

Mtu alikuwa anasugua sufuria, na jogoo bado hajawika.

Fabiano Egesa, mpelelezi wa siri, alisimama nje ya nyumba ya udongo pale Nabuyoga, mkono kwenye bastola yake ya Webley. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Alitumwa kupekua nyumba ya mfungwa.

Mlango ukafunguka.

"Baba, usisimame kwenye umande," alisema Kevina. "Ingia. Chai iko."

Mfungwa huyo, Oboth, mwana wa Kevina, alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya reli Tororo. Jioni ile gari moshi lingempeleka Kampala, kwenye kesi ya kunyongwa. Alidaiwa kuchonga mitutu ya bunduki za wezi wa ng'ombe. Bunduki hizo zilimuua Omaido, mchungaji aliyekulia pamoja na Egesa. Egesa alimchukia Oboth kwa moyo wote.

"Huniogopi, mama?"

"Wewe pia ulizaliwa na mtu. Kunywa."

Alimchagulia kikombe kisicho na ufa. Egesa akanywa, akaona kitu mkononi mwa Kevina: kishada cha nyuzi za chuma, mabaki ya kukereza.

"Oboth alikuletea hiyo?"

"Ya Oboth? Wapi! Ya reli inanuka mafuta. Unaosha na majivu, na bado uji unanuka. Hii natoa Busia, kwa mashine ya unga ya yule Mzungu, Brandt. Athieno anafagia kule. Nikipeleka mahindi ananiwekea bure. Ana huruma, yule mtoto."

Egesa akanusa.

Hakuna harufu.

Chuma kikikerezwa hupata moto. Kwa hiyo karakanani mafundi hukimwagia maji ya mafuta, meupe kama maziwa. Bila hayo, mabaki huungua yakawa ya bluu. Haya hayakuungua, wala hayakuguswa na mafuta. Na mitutu ya bunduki zilizokamatwa ilikuwa mikavu vilevile, bila harufu.

Hasira ikampanda. Safari hii hakumkasirikia Oboth.

Aliacha kikombe, akakimbilia redio ndani ya Land Rover.

"Tai kwa Kituo. Zuieni gari moshi."

"Kituo. Sababu?"

"Sufuria."

"Rudia, Tai."

"Oboth siye. Nakwenda Busia."

"Inspekta anasema rudi. Upelelezi umefungwa."

Akazima redio.

Busia, mashine ya unga ilikuwa ikinguruma kiasi cha kumeza kelele nyingine yoyote. Athieno aliona bastola. Akaona uso wa mwenye bastola. Akanyoosha ufagio kuelekea mlango wa nyuma.

Egesa akauvunja kwa teke.

Ndani palikuwa na mashine ya kukereza, na mitutu mipya imepangwa kama miwa. Juu ya chuma kilichokuwa kikizunguka kulining'inia bomba fupi la shaba lililofungwa kwenye mpira wa kupitisha hewa. Hewa iliyoshindiliwa iliingia ubavuni mwa bomba, ikazunguka kwa kasi na kugawanyika. Ncha moja ilipuliza baridi kwenye chuma, mpaka shaba imeota barafu. Ncha ya pili ilitoa hewa ya moto.

"Dondosha bastola," ilisema sauti nyuma yake.

Brandt. Bastola ya Luger mkononi.

Egesa akadondosha.

"Hewa tu," Brandt alisema kwa majivuno. "Hakuna tone la mafuta. Hakuna harufu. Ulinipataje?"

"Taka zako. Mama yake Oboth anasugulia sufuria."

Brandt akacheka. "Mama mmoja! Na mwanawe atanyongwa kwa ajili yangu. Watu wenu ni wengi, hamtaona pengo."

Egesa alinyakua bomba, akamgeuzia ncha ya moto machoni.

Luger ililia, ikatoboa bati. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya Omaido. Ya pili ilikuwa ya Oboth. Ya tatu aliizuia kwa shida, akatoa pingu.

Jioni, stesheni ya Tororo, Inspekta alimngoja akiwa mwekundu kama pilipili.

"Ulivunja amri, Egesa."

"Ndiyo, bwana."

Akamwekea kiganjani nyuzi za chuma alizozoa kwa Brandt.

"Nusa."

Inspekta akanusa. Akatazama mitutu ndani ya Land Rover, na Brandt aliyefungwa kando yake. Kisha, bila kumtazama mtu, akaamuru Oboth ashushwe kwenye gari moshi.

Kevina, aliyekuja kumuaga mwanawe, alimshika mashavu, akamfuta vumbi kwa kanga.

Egesa alikuwa keshageuka, kofia imeshuka usoni, anaondoka taratibu.

"Baba," Kevina aliita. "Chai uliiacha nusu. Uje tena."