Printa ya Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi wa kushona. Jina hilo alipewa na wateja, maana pindo za nguo zake hazifumuki hata ukikimbizwa na mbwa. Kila siku ungemkuta ameinama mezani, mkasi mkononi, pini mdomoni.

Alikata nguo kwa paterni, yaani michoro ya vipande vya nguo. Aliipata kwenye kompyuta, akaichapa kwa printa, kisha akaunganisha karatasi zake kwa gundi.

Wiki ile moyo wake ulikuwa unacheza ngoma. Jumamosi angefundisha darasa lake la kwanza la ushonaji, sebuleni kwake. Wanawake kadhaa walikuwa wameahidi kuja, na kila mmoja alihitaji paterni yake.

Akawasha printa. Ikakohoa, ikatema karatasi yenye mistari ya hapa na pale.

"Mume wangu, njoo uone! Blauzi imekatwa mikono."

Mumewe, mwokaji mikate, akatikisa kichwa. "Si tulibadili wino juzi tu? Twende dukani. Nimeona moja nyekundu, inang'aa kama nyanya."

"Kwani tunanunua printa au nyanya?"

Jirani yao alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta. Mtaani walimwita Dada Waya. Jioni, mke na mume wakapiga hodi kwake.

"Karibuni. Kuuliza si ujinga," alisema Dada Waya. "Kwanza, mnachapa nini?"

"Paterni. Mistari myeusi tu," alijibu Mama Pindo. "Wiki nyingine nachapa nyingi, wiki nyingine sichapi kitu."

"Hapo ndipo penye shida. Printa yenu inatumia wino wa maji. Isipochapa, wino hukauka kwenye vitundu. Tafuteni printa ya leza. Hiyo hutumia tona, yaani unga mkavu. Unga haukauki, umeshakauka!"

"Na picha za rangi je?" aliuliza mwokaji.

"Shemeji, picha peleka studio. Nyeusi itawatosha. Ila hakikisheni ina wifi, ili kompyuta na simu zenu zote ziitumie. Na muulize muuzaji kama tona yake inapatikana hapa. Printa bila tona ni kasha tu."

Kesho yake wakanunua. Mwokaji aliiaga ile nyekundu kwa macho.

Dada Waya akaja kuwasaidia. Mama Pindo alitaka kuiwasha papo hapo.

"Pole pole, dada. Kuna tepu zilizoshikilia vitu vya ndani wakati wa safari. Tuzitoe zote kwanza."

Wakaiweka kwenye meza imara, mbali na vumbi la vitambaa. Nyuma wakaacha nafasi, ipate hewa. Waya wa umeme wakauchomeka ukutani moja kwa moja, kwa sababu printa ya leza huvuta umeme mwingi inapopata moto.

Kwenye kioo kidogo cha printa, Mama Pindo akachagua wifi ya nyumbani. Akaandika nywila, herufi moja moja. Taa ya kijani ikawaka. Kompyuta ikaiona printa. Simu ya mwokaji haikuiona.

"Inanikataa! Imejua nilipenda nyingine."

Dada Waya akaitazama ile simu. "Unatumia data, shemeji. Simu na printa lazima ziwe kwenye wifi moja. Wewe ukiwa sokoni na mkeo yuko sebuleni, mkinong'onezana mtasikiana?"

Mwokaji akaiunganisha simu na wifi. Jina la printa likatokea. Akapiga makofi.

"Bado jambo moja," alisema Dada Waya. "Printa huja na nywila ya kiwandani, na wengi wanaijua. Ibadilisheni. Nyumba ina mlango, na mtandao nao una mlango wake."

Mama Pindo akaibadilisha. Kisha akachapa paterni. Mistari ilitoka myeusi tii! Lakini fundi ni fundi. Akachukua futi yake ya kupimia, akapima mraba wa majaribio pembeni mwa mchoro, ule ulioandikwa kipimo chake. Uso ukamshuka.

"Mraba umepungua. Blauzi hii haitamwingia mtu. Na darasa ni kesho!"

Dada Waya akainama kwenye kompyuta. "Ah! Mchoro unapunguzwa ili uenee kwenye karatasi. Chagua ukubwa halisi, asilimia mia moja." Wakachapa tena. Mama Pindo akapima. Sawasawa! "Hilo mimi nisingeliona," alisema Dada Waya. "Ningeshona blauzi ya mwanasesere."

Jumamosi sebule ilijaa vicheko na nyuzi. Mwanafunzi mmoja alipogundua kuwa paterni inambana kifuani, Mama Pindo hakuinuka hata kitini. Akagusa kompyuta, na ya saizi kubwa ikatoka ingali na joto.

Mara printa ikanguruma yenyewe. Wanawake wakatazamana.

"Nani ameigusa?"

"Si mimi!"

Mama Pindo akaichukua karatasi, akasoma kwa sauti: "Mikate imeiva. Njooni kabla sijaimaliza. Ni mimi, huku jikoni."

Kicheko kikalipuka. Mlangoni akatokea mwokaji, simu mkononi, unga puani. Wanafunzi wote wakainuka kwa pamoja, na mwalimu wao akiwa mbele.