Kona ya Curt Ilipungukiwa na Mtu Mmoja

"Janelle, utani umeisha. Njoo huku."

"Sijaamua bado. Nibembeleze kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umejaa majirani walioikimbia theluji ya nje, makoti yao yamerundikwa kwenye viti. Huko Iowa, Marekani, siku ya kumchagua mgombea urais wa chama, hakuna karatasi ya kura wala pazia la kujificha. Unasimama kwenye kona ya unayemtaka, jirani yako akikuona kwa macho yake. Kona isiyofikisha idadi inayotakiwa inavunjwa, na watu wake wanagombewa kama mali ya marehemu.

Kona ya Seneta Lindgren ilipungukiwa na mtu mmoja. Msimamizi wake alikuwa Curt Brandsma, mpiga kampeni hodari wa seneta katika jimbo lote, na mtu huyo mmoja alikuwa mkewe wa ndoa, amesimama kona ya wasioamua huku amekunja mikono.

Ukweli ni kwamba Janelle alikuwa ameamua tangu asubuhi. Alitaka tu abembelezwe kidogo, mbele za watu. Mwaka mzima Curt alikuwa amebembeleza jimbo zima isipokuwa yeye.

Dada wa Janelle alishamwuliza mara nyingi, "Mume gani huyo asiyelala nyumbani? Unamngojea nini?"

Jibu la Janelle lilikuwa moja siku zote: msiba wa baba yake. Siku ile Curt aliendesha gari kutoka mbali, barabara imejaa barafu. Watu waliposhuka chumba cha chini ya kanisa kula chakula cha msiba, yeye hakula. Alikaa na kila mzee, mmoja baada ya mwingine, amemshika mkono, wanaongea taratibu. Mwanamume aliyewafariji wazee rafiki za baba yake namna ile, Janelle asingeweza kumwacha.

Bi Ardith, jirani yao wa miaka mingi, akamjia akichechemea kutoka kona ya Lindgren.

"Mwanangu, nenda kwa mumeo bwana. Miguu inaniuma."

"Na wewe Bi Ardith, si ulikuwa mtu wa yule gavana anayeshindana na seneta? Nani kakugeuza?"

"Si huyo huyo mumeo! Siku ya kumzika baba yako. Mimi nalia, yeye kanishika mkono, ananiambia seneta naye kafiwa na baba. Basi akanitolea kadi ya ahadi ya kumchagua seneta, nikatia sahihi pale pale, kando ya sahani." Bibi akacheka. "Wala si mimi peke yangu. Harlan naye, na mkewe, na wale pale. Kona yetu ile karibu yote ni watu wa msiba ule."

Janelle akaitazama kona ya mumewe, sura moja baada ya nyingine. Ni kweli. Wote walikuwapo.

"Curt. Njoo hapa."

Curt akaja mbio, anatabasamu. "Umeamua?"

"Siku ya baba, kule chini ya kanisa. Ulikuwa unafanya nini?"

Tabasamu likayeyuka. "Mke wangu, si sasa."

"Ni sasa."

"Nilikaa na wazee. Uliniona."

"Ulikuwa na kadi mfukoni?"

"Natembea nazo kila siku. Unaijua kazi yangu."

"Hata kwenye suti ya msiba, Curt?"

Akainamisha kichwa. Sauti yake ikashuka.

"Ofisini walininyima ruhusa. Nikalazimika kuwapa sababu."

"Kuzika baba mkwe si sababu?"

"Kwao haikutosha."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia... wazee wote wa hapa watakuwa mahali pamoja."

Janelle alihisi baba yake anakufa mara ya pili. Ile siku moja aliyoishikilia mwaka mzima, kumbe nayo haikuwa yake.

"Kwa hiyo jeneza la baba yangu lilikuwa jukwaa lenu."

"Nilikuja, Janelle!" Macho ya Curt yalijaa machozi. "Wenzangu hawakwenda hata kuzika mama zao. Mimi nilikuja. Nilikuwa nakupenda, na wale wazee nawapenda, na kazi ilikuwapo. Vyote kwa pamoja. Sikukudanganya."

"Nakuamini. Ndiyo maana inauma."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

"Twende nyumbani. Sasa hivi. Iache kona ivunjike."

Mwenyekiti wa mkutano, mwalimu Duane, akapaza sauti: "Jamani, muda unakwisha! Asiyeamua aamue!"

Curt akaitazama kona yake. Akaitazama saa ya ukutani.

"Nipe dakika chache tu, mpenzi. Chache tu, halafu nakupa maisha yangu yote."

Simu ikaita mkononi mwake. Akaipokea, mkono mwingine bado umemshika mkewe begani.

"Ndiyo, mkuu. Bado mmoja. Nashughulika naye."

*Nashughulika naye.* Janelle akautoa ule mkono begani, polepole. Angeweza kumwumbua pale pale mbele ya mji mzima. Lakini hata sasa alikuwa anampenda, na hakuwa na moyo wa kumvunja mbele za watu. Akavuka ukumbi hadi kona ya seneta, akasimama kando ya Bi Ardith aliyekuwa amesharudi pale.

Duane akahesabu. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

"Tumefikisha, mkuu! Tumefikisha!" Curt alikuwa anapiga kelele kwenye simu, amewapa mgongo wote.

"Unalia kwa furaha, mwanangu?" Bi Ardith aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

Akavaa koti, akatoka. Alikuwa njiani kwenda kwa dada yake, mji wa Omaha, ujumbe wa Curt ulipoingia.

"Uko wapi? Seneta mwenyewe anataka kukushukuru. Wewe ndiye umeniokoa!"

Aliegesha gari kando ya barabara, akajibu.

"Kona yako ilipungukiwa na mtu mmoja, nikaja. Nyumba yangu imepungukiwa na mtu mmoja mwaka mzima. Usinitafute, Curt."

Seneta Lindgren alijitoa kwenye mbio kabla theluji haijayeyuka. Siku chache baadaye, Bi Ardith alimpigia Janelle simu.

"Mumeo karudi. Kakaa mwenyewe, hata taa hawashi. Nilimpelekea bakuli la viazi vya kuoka, kama tunavyompelekea mfiwa."

"Kala?" Janelle akauliza.

"Hakula. Nikakaa naye, nikamshika mkono. Akaniangalia weeee, halafu akaniuliza, 'Bi Ardith, unataka nini kwangu?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, sitaki kitu, mwanangu. Nimekuja kukaa na wewe tu." Bibi akaongeza, "Hapo ndipo alipolia."