Fingo Chini ya Mkorosho wa Kati

Jumanne, tarehe nane Aprili 2025, saa tatu na robo asubuhi, mvua ya masika ilikuwa ikinyesha Kiwangwa bila upepo. Nasrin, mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu, alisimama katika shamba la Mzee Bwanausi, akaona jambo dogo lisilo sawa: mmea mgeni uliotambaa juu ya mikorosho yote kumi na mmoja ulikuwa na majani makavu. Mvua iliyapiga, wala hayakulowa.

"Chuo kizima kimekutuma uje kutazama majani?" Bwanausi alimtania.

"Majani haya yanaua mikorosho yako, mzee. Yameinyima jua. Hata vichaka vya mikwamba ya asili huko chini vimeoza."

Alifuata utaratibu wake: kwanza jani, kisha kikonyo, kisha shina. Jani lilikuwa na vinyweleo kama vya sikio la mtu. Kikonyo kilikuwa na joto. Alipopasua shina kwa wembe, yakatoka majimaji mazito ya manjano, yenye harufu ya kidonda kilichofungwa siku nyingi. Na katikati ya nyuzi zake ulilala unywele mrefu, wenye hina.

Papo hapo, ndani ya nyumba, Hajra mkewe Bwanausi akaanza kukabwa na kikohozi.

"Usikate tena, mwanangu," Bwanausi alinong'ona. Utani ulikuwa umemtoka.

"Mama anaumwa tangu lini?"

"Tangu Rajabu. Hamezi kitu ila maji na uji mwepesi."

Ndipo akaungama. Miaka miwili nyuma, wezi wa korosho walipomzidia, alizika fingo, chungu cha dawa, chini ya mkorosho wa kati, jini lake lilinde shamba. Fundi alimwagiza alizike pamoja na udongo wa unyayo wa mwizi. Alfajiri moja aliona unyayo penye ua wa shamba, akauchota akidhani ni wa mwizi. Ulikuwa wa mkewe, aliyetangulia kuamka akaokota kuni.

"Mmea ulipoota pale, Rajabu hiyohiyo, nilishukuru. Nikadhani ndio ulinzi."

Baada ya adhuhuri alikuja Mwalimu Mwinshehe, mganga wa kisomo cha Kurani, aliyeitwa na Bwanausi. Alimtuma Bwanausi shambani na jembe, akamweka Nasrin kitandani kwa Hajra, ambaye nywele zake zilikuwa za hina.

"Fingo likiinuliwa, atatapika. Wewe vuta taratibu kitakachochomoza, usikikate. Kitoke na mzizi wake, la sivyo tumefanya kazi bure."

Kisomo kilipopanda, na jembe likasikika likigonga chungu, na ile harufu ya kidonda ikaingia dirishani, koo la Hajra likavimba, likacheza, na nyuma ya ulimi ikachomoza ncha ya kijani, yenye vinyweleo, ikapapasa meno yake moja baada ya jingine kama kipofu anayetafuta mlango, naye Nasrin akaishika, yenye joto na utelezi, akavuta, akazidi kuvuta, huku majani yaliyokunjamana yakitoka na makohozi na uji wa jana, mpaka mkono wake ukarudi nyuma ghafla, mwepesi.

Hajra alivuta pumzi. Akaomba maji, kisha wali.

"Umetoka na mzizi?" Mwinshehe aliuliza mlangoni.

Nasrin aliunyoosha mmea mkekani, akalaza utepe wa kupimia tangu kwenye ncha mpaka pale ulipokatika, pasipo mzizi, akasoma: mita mbili na sentimita thelathini na saba.