Cherehani ya Kukodi

Kila nikitoka shule, kabla hata sijavua sare, hupitia barazani kwa mwenye duka la vitambaa. Hapo ndipo mama yangu anaposhonea. Nafagia vipande vya nguo, naokota pini, kisha naipaka mafuta cherehani anayoikodi. Kazi yenyewe siipendi, nisiseme uongo. Zamani mama alikuwa na cherehani zake mwenyewe, tena alizinunua kabla hajamjua baba. Aliingia nazo kwenye ndoa huku watu wakipiga vigelegele. Walipoachana, baba alisema kila kilichomo katika duka lao la ushonaji ni chake, kwa sababu duka liliandikishwa kwa jina lake. Mama hakuwa na karatasi, wala shahidi aliyekubali kumsemea. Baba akauza zote. Ndiyo maana mdomo wangu ni mkali, na ndiyo maana wananiita Kiwembe.

Wiki moja mama alikuwa akishona gauni la harusi la mama mdogo, mdogo wake wa mwisho. Mama mdogo ni msusi. Ana saluni yake yenye viti, vioo na mashine za kukaushia nywele, vyote vya jasho lake. Mchumba wake ni seremala.

Alipokuja kujaribu gauni, mama alitoa pini mdomoni akamwambia, "Mdogo wangu, kabla ya harusi nendeni kwa wakili mkaandikishane. Ulichokuja nacho kijulikane ni chako, na chake kiwe chake. Mtakachochuma pamoja, semeni mapema mtagawana vipi."

"Dada! Ndoa haijafungwa, wewe unaniombea niachike?"

"Sikuombei mabaya."

"Basi ni kijicho. Yako imevunjika, unataka na yangu ianze na nyufa. Nikimpelekea mwenzangu karatasi, ataniona mtu wa namna gani?"

Mama alirudisha pini mdomoni, akaendelea kubana kiuno cha gauni. Mimi ulimi uliniwasha, lakini jicho alilonitupia lilinitosha. Nikainama chini ya meza kuokota pini.

Cherehani yenyewe ilikuwa ngeni. Ile aliyoizoea iliharibika juzi, na mwenye duka akamtolea hii kutoka stoo. Nilipoinua macho, niliona upande wa chini wa ubao wa meza ya cherehani kuku mwenye miguu mitatu, amechorwa kwa msumari. Moyo ulinilipuka paa! Kuku yule nilimchora mimi, kabla sijaanza shule, nilipokuwa nikicheza miguuni pa mama akishona. Tena nilichapwa kwa ajili yake.

"Mama! Hii ni cherehani yako!"

"Nyamaza, mwanangu."

"Sinyamazi! Kuku wangu huyu hapa! Yaani unalipia kodi mali yako mwenyewe?"

Mama mdogo alipiga magoti na gauni lake lote la pini, akachungulia. Alipoinuka, uso ulikuwa umembadilika. "Dada, ulijua?"

"Niliijua nilipokanyaga tu. Inavuta kitambaa kushoto. Sasa ningefanya nini? Mwenye duka aliinunua kihalali, nimkunje shati? Nilikaa nikashona. Gauni lako lina siku yake."

Mama mdogo alilia, na mimi nikalia kwa hasira. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba siku ile, na neno hilo silifuti.

Seremala alipokuja kumchukua mchumba wake, mama mdogo alimweleza palepale habari ya cherehani na ya kwenda kuandikishana kwa wakili. Uso wa seremala ukakunjamana.

"Yaani huniamini?" akauliza.

Mama akadakia, "Shemeji, randa na misumeno yako ulipata wapi?"

"Aliniachia marehemu baba."

"Mkikosana, mwenzako akisema ni vyake?"

"Aa! Hapo hapana!" Kisha akajishtukia, akacheka kwa aibu. "Haya, nimeelewa. Twende kwa wakili."

Walikwenda kabla ya harusi, kila mmoja na shahidi wake. Saluni ikaandikwa ya mama mdogo, vifaa vya useremala vya mumewe, na nyumba watakayojenga ikaandikwa ya wote wawili. Harusini walicheza mpaka viatu vikawabana, wala sikuona mapenzi yamepungua.

Siku iliyofuata nilikuwa barazani tena na kopo langu la mafuta. "Mama, hii itarudi kwetu lini?"

"Hairudi, mwanangu." Alipitisha uzi kwenye sindano. "Wewe shika hili: kumpenda mtu hakukuzuii kuandikiana naye. Andikianeni mkiwa bado mnacheka pamoja. Mkishanuniana, hakuna atakayekubali kushika kalamu. Mimi niliona aibu kuomba karatasi, na aibu yangu ndiyo hii ninayoikanyaga."

Mwenye duka akapita kuchukua kodi. Mama akampa, akashukuru kwa heshima, akaanza kushona. Nikaushika ukingo wa kitambaa nikauvutia kulia, maana bado inavuta kushoto.